Nilikata Mikono ya Jezi ya Shemeji Yangu

Nina miaka sitini na mitatu. Ni fundi cherehani, ingawa siku hizi cherehani yenyewe nimeifunika shuka na juu yake naweka redio. Naishi peke yangu hapa Myamba, milimani Same, kwenye nyumba ya marehemu mama. Wasomaji wenzangu, siandiki haya ili mnionee huruma. Naandika kwa sababu kuna jambo nililifanya nilipokuwa kijana kwa ajili ya mpira. Mpira tu!... Na hadi leo ni nadra mtu kubisha hodi mlangoni kwangu.

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa milango, nilikuwa na kibaraza changu huko chini tambarare, karibu na shamba la mkonge lililokuwa mali ya serikali. Mitumba ilikuwa imeanza kuingia kwa marobota. Mtu aliyezoea kungoja wiki mbili nimshonee suruali, sasa alichagua ya Ulaya sokoni akaivaa palepale. Mimi nikabaki kupunguza pindo na kutia viraka. Mimi, niliyekuwa naitwa fundi mkuu!

Kilichonibakizia heshima ni timu ya shamba. Jezi zake nilishona mimi, nilitunza mimi, na siku ya mechi nilipuliza pembe uwanjani mpaka mishipa ya shingo ikanitoka.

Pembe ile niliirithi kwa babu. Kwetu Upare ikilia, maana yake ni msaragambo. Watu wote wanatoka na majembe kwenda kufanya kazi ya kijiji, kuzibua mfereji au kusafisha ndiva, lile bwawa letu la maji ya mashamba. Asiyetoka anatozwa faini na kusemwa vibaya. Nimekua nikiamini kwamba pembe ikilia, mwenye ruhusa ya kubaki ndani ni mgonjwa peke yake.

Golikipa wetu aliitwa Gervas, Muha wa Kigoma aliyekuja kukata mkonge akaonekana mpira anauweza. Alikuwa mrefu, na mikono yake ilikuwa mirefu kupita kiasi. Jezi yake niliikatia kitambaa cha peke yake. Huyo Gervas alimwoa mdogo wangu wa pekee, Namkunda. Mama hakutaka kumtoa binti yake kwa mtu wa kuja, lakini nilimtetea mimi, nikasema huyu ni ndugu yangu. Na kweli alikuwa ndugu yangu. Jioni nyingi tulikula sahani moja.

Basi, shamba likauzwa. Tajiri mpya akaleta meneja wake, na meneja akatangaza kwamba ajira zote za zamani zimekwisha, watu wataanza upya kama vibarua. Wachezaji walikuwa na kazi za kudumu kiwandani na vyumba kambini. Sasa nao wakawa vibarua, ila Jumamosi wanatakiwa kuvaa jezi na kuitangaza kampuni! Wakasema watacheza wakishapewa barua za ajira. Meneja akasema wacheze kwanza, barua zitakuja baadaye. Wakagoma, nahodha wao akiwa Gervas. Na mechi iliyokuwa mbele ilikuwa dhidi ya watani wetu wa Same mjini!

Ah, mashabiki tulivyowaka! Kibaraza changu kiligeuka bunge. Wengi walisema wachezaji wamevimba vichwa, kwamba wengine wanakatwa na miba ya mkonge kutwa nzima wala hawagomi, sembuse mtu wa kudaka mpira. Wachache waliwatetea, na mkali wao alikuwa Mama Elihuruma, muuza maandazi. Alituuliza kama yupo kati yetu angekubali kufanya kazi kwa mtu asiyetaka hata kuandika jina lake kwenye karatasi. Tukamcheka. Tukamwambia mambo ya mpira hayajui.

Alhamisi mchana Gervas alikuja. Hakukaa. Alielekeza macho kwenye mfuko wa jezi uliokuwa nyuma ya mlango wangu.

"Shemeji, mfuko huo usimpe mtu," alisema. "Jezi nyingine hazipo. Zikibaki kwako, hawawezi kuingiza watu wengine."

"Kwangu ziko salama," nilimjibu.

Akanishukuru, akaenda zake. Wasomaji, tangu siku ile sijawahi kusikia mtu akinishukuru vile.

Kesho yake, Ijumaa, ubishi ulianza asubuhi. Mimi nilikuwa kimya, nashona kifungo. Mtu mmoja akauliza kwa nini fundi hasemi, mwingine akajibu kwamba fundi sasa ni Muha, shemeji yake kamfunga mdomo. Wakacheka wote. Damu ikanichemka! Nikasimama, nikaanza kusema. Nikasema timu ni ya watu wote kama ndiva, na mchezaji anayekaa nyumbani siku ya mechi ni sawa na mtu anayelala wenzake wakiwa kwenye msaragambo. Wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Nikazidi kupanda... na nilipofika juu kabisa sikujua namna ya kushuka. Nikaingia ndani, nikautoa ule mfuko, nikaubwaga mbele yao.

Laiti ningekuwa nimehongwa! Hakuna aliyenipa kitu. Meneja hata jina langu alikuwa halijui. Nilitaka tu kushinda ubishi.

Mchana huohuo nikapanda milimani na pembe yangu, napuliza kijiji kwa kijiji. Vijana wakatoka mbio wakidhani mfereji umebomoka. Nikawaambia kazi ya leo ni timu. Nani angekataa pembe? Nikashuka nao kumi na wanne.

Kijana aliyejitolea kudaka alikuwa mfupi. Jezi ya Gervas ilimfunika viganja. Nikachukua mkasi... nikakata mikono yote miwili, kila mmoja vidole vinne, nikapiga pindo. Vile vipande viwili sijui kwa nini sikuvitupa. Nilivitia kwenye droo ya cherehani.

Jumamosi tulishinda bao moja kwa bila. Nilibebwa juu juu! Kutoka kule juu nilimwona Gervas amesimama na wenzake nyuma ya goli, nje ya kamba. Alikuwa akiitazama ile jezi kwenye mwili wa yule kijana, anaitazama mikononi. Kisha akageuka akaondoka.

Jumatatu meneja aliwaita waliogoma. Akawaambia wamejionea wenyewe kwamba mpira si kazi, kwa kuwa kuna watu wamecheza bure. Akawapa siku hiyohiyo watoke kambini. Mvua za masika zilikuwa zinanyesha. Namkunda alikuwa na mimba ya miezi saba, na alitembea na godoro kichwani hadi barabara kuu. Nilikimbia kumpokea mzigo. Alinipita kama mtu anavyopita nguzo ya simu.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, akaishi siku mbili. Alikuwa wa kiume. Habari hizi nilizipata kwa Mama Elihuruma, ambaye aliniambia akiwa amesimama barabarani, hakutaka kupanda kibarazani kwangu. Ningelia mbele ya nani?

Ile timu haikumaliza mwaka. Vijana wa milimani nao waliuliza habari za barua, kampuni ikaivunja timu na kupanda mkonge uwanjani, goli hadi goli. Mashabiki walionibeba walihamia kubishana kwingine, kwenye banda lenye televisheni. Nikafunga kibaraza, nikarudi kwa mama. Mama alinipikia na kunifulia, ila jina la Namkunda hakulitaja mbele yangu mpaka alipofariki. Siku ya mazishi Namkunda alikuja peke yake, akalia, akaondoka kabla ya chakula. Na vijana niliowaita kwa hila hawakunisahau. Nilipopuliza pembe watu waje kuniezekea paa, walikuja wazee wawili tu.

Miaka mingi ilipita. Siku moja nikaikuta ile jezi sandukuni, ndani ya mfuko uliorudi kwangu timu ilipovunjwa. Nikafungua droo, vile vipande bado vipo. Nilikaa kwenye cherehani siku nzima, nikaunga mkono wa kulia, nikaunga wa kushoto, kwa uzi wa rangi ileile. Sijawahi kushona kwa uangalifu namna ile. Kisha nikafunga safari hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, nilikosikia Gervas na Namkunda wanauza samaki.

Gervas alikuwa anashona nyavu. Nywele zake zilikuwa nyeupe. Alinisalimu vizuri, akanipa kiti. Namkunda alileta ugali na perege, akaniwekea sahani yangu peke yangu kama anavyowekewa mgeni, akaingia ndani. Nikala peke yangu. Nilipomaliza nikamkabidhi jezi, nikaanza kuomba msamaha.

Aliikunjua akaishika mikono. Alipitisha kidole kwenye mshono, taratibu, kwa kuwa na yeye sasa anajua kushona. Akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Nilishakusamehe, shemeji," alisema. "Lakini shati ninalo. Mimi nilitaka mtu wa kunitunzia mfuko."

Akanisindikiza hadi kituoni. Tuliongea habari za mvua.

Ndugu zangu mnaobishana vijiweni, wachezaji wakigoma msiwaite wavivu kabla hamjauliza wanalala wapi na nani anaweza kuwafukuza. Mimi pembe ya watu wote nilimpulizia tajiri mmoja, nikadhani naitumikia timu. Na ukikabidhiwa kitu na nduguyo, kitunze, hata kijiwe kizima kikikucheka. Kicheko kile kingekwisha jioni ileile. Nawasihi, msiifuate njia yangu.

Jezi nimeitundika ukutani, pembe iko chini ya kitanda. Mara moja kila mwaka naifunua cherehani, nashona kishati cha yule mtoto aliyeishi siku mbili, namwongezea kimo kadiri miaka inavyokwenda. Mwaka huu nimeshona cha mtu mzima, na mikono nimeiacha mirefu.