Dhahabu mu Tumbo ya Olga

—Yassine, ile mukanda usizime, nasema tena…

—Nitazima, chef.

—…patron ya dhahabu anangojea hapa Kasongo, tunataka tumukamate na mali mbele yake…

—Mali iko mu tumbo ya mutu, chef.

—Ile ni amri.

—Mutandao iko mubaya huku. Nasikia tu mbuzi.

Yassine akatoa oreillette ku sikio, akaificha mu mufuko. Chef Raphaël akabaki anasema peke yake. Yassine akatoka mu mahindi akifunga zipu, kama mutu mwenye alienda kukojoa.

Motard. Vile njo walimujua: mwenye kubeba watu ku moto, ile pikipiki. TVS yenye matope, kaske ya kichwa yenye kupasuka, mudomo mingi. Hakuna mwenye alijua kama ni agent wa service ya upelelezi.

Abiria yake, mama Olga, alikuwa anangojea ku moto. Asubuhi, kule ku migodi ya Salamabila, alimeza dhahabu yenye kufungwa mu plastiki, kipande kwa kipande. Nyuma yao, moto ya pili: Clovis, mulinzi ya patron, na pistole chini ya jaketi.

Chini ya kitambaa ya kichwa ya Olga, mukanda.

Kitu ya maana ile. Taa ndogo ndogo zinagusa paji na nyuma ya masikio, mwangaza inapenya mpaka mu ubongo, kichefuchefu inalala. Waliitengeneza kwa wenye kutapika mu ndege. Patron aliona kazi ingine. Barabara ya Kabambare inatapishaka hata motard. Mwenye amemeza akitapika, dhahabu inabaki mu majani. Akivaa mukanda, inafika.

Inafika, lakini mara ingine haitoke.

Binti, dada mudogo ya Yassine, naye alimeza, yake haikutoka. Watu wa patron hawakungojea. Walimupasua tumbo. Siku ya maziko, wamama wenye walimuosha hawakumuangalia Yassine mu macho.

Wakaondoka. Yassine akagusa simu yake ya Tecno, yenye service iliunganisha kwa siri na ile mukanda.

Mukanda ikazimika.

Kisha akatafuta mashimo ya barabara. Yote.

—Motard, pole pole.

—Nisamehe, mama.

—Nani alikufundisha kuendesha, adui yangu?

Shimo ingine. Mikono ya Olga ikakaza ku kiuno ya Yassine.

—Simamisha.

Alitapika ku magoti, akilia. Kipande. Kipande ingine. Njano chini ya plastiki, mu matope.

Clovis akafika, akaona, akatia mukono mu jaketi.

Kaske ya Yassine ilimufikia ku pua kabla pistole itoke. Ngumi moja. Kamba ya mizigo. Ikaisha.

—Service, Yassine alimuambia, akikaza kamba. Dada yangu aliitwa Binti.

Clovis akafumba macho.

Yassine akaokota vipande vyote, akafunga mu leso. Akavaa miwani nyeusi, Ray-Ban ya ku soko.

—Umepona, mama. Hakuna mutu atakupasua. Rudia kwenu.

Akaelekea ku moto, polepole, bila kugeuka.

—Motard.

Olga alikuwa angali ku magoti.

—Mutoto yangu iko kwa patron. Alisema atamuachilia kama dhahabu yote inatoka mu tumbo yangu, mbele ya macho yake.

Yassine akasimama.

Olga akanyoosha mukono yenye matope.

—Nirudishie vile vipande, papa. Nimeze tena.