Mbuzi Wawili wa Bonde la Kushoto

Kila siku masomo yalipokwisha, wanafunzi wa darasa la sita walifagia, wakapanga viti na kwenda zao. Mmoja tu alibaki mbele ya kompyuta. Ilikuwa zamu yake. Juu ya Mlima Seorak, askari wa hifadhi walikuwa wamefunga kamera iliyoelekea hori la majani makavu ya mforsadi, mahali mbuzi wa majabali walipokuja kula wakati wa baridi. Picha zilifika shuleni moja kwa moja na hazikuhifadhiwa popote. Kilichopita kilikuwa kimepita. Mwenye zamu alitazama kwa nusu saa, kisha akaandika daftarini alichokiona. Asubuhi iliyofuata Mwalimu Pyo aliwasomea askari kwa simu.

Wiki ya pili ya Desemba, zamu ilikuwa ya Gong Solbi, msichana wa miaka kumi na miwili. Mama yake alianika samaki kando ya barabara ya kupandia mlimani, na Solbi alijua kufunga kamba ya samaki kuliko mtu mzima. Lakini kukaa kitako nusu saa nzima kulimshinda.

Jumatatu alijitahidi. Ukungu ulisogea, vilele vikatokeza vyeupe, na ghafla mbuzi jike mwenye sikio lililochanika akasimama horini. Mtoto wake alimfuata akichechemea. Walikula, kisha wakashuka kushoto kuelekea kijitoni. Solbi alishusha pumzi kwa furaha. Mara dirisha likagongwa.

"Wewe Solbi! Kijito cha nyuma ya shule kimeganda!" Maru, mwanafunzi mwenzake, alipiga kelele. "Ukichelewa barafu itayeyuka, utateleza matopeni!"

Solbi aliandika upesi, "Mama na mtoto. Wamekula," akafunga daftari na kukimbilia barafuni.

Jumanne hakuiwasha kompyuta kabisa. Jumatano vilevile. Kila asubuhi iliyofuata, kabla kengele haijalia, aliandika maneno yaleyale ya Jumatatu kwa mwandiko mzuri.

Usiku wa kuamkia Alhamisi theluji ilianguka bila kukoma. Kulipokucha ilikuwa imefika kiunoni, na wanafunzi walifika shuleni kwa njia nyembamba iliyochimbwa na wazazi. Mwalimu Pyo aliweka simu mezani ili darasa zima lisikie. Aliyezungumza ni Bwana Tak, kiongozi wa kikosi cha askari.

"Tunatafuta wanyama walionaswa na theluji, lakini tuko watano tu, na mabonde ni mawili," alisema. "Nisomeeni ya jana."

Mwalimu alisoma, "Mama na mtoto. Wamekula."

"Afadhali! Basi wale wako juu karibu na hori, wameshiba. Tutaanza bonde la kulia. La kushoto tutalifikia kesho."

Maru alimgeukia Solbi polepole.

"Jana si ulikuwa barafuni na sisi?" alinong'ona. "Au una macho mengine yaliyobaki darasani?"

"Nyamaza, Maru."

"Mimi nimenyamaza. Lakini hao mbuzi je?"

Wakati wa mapumziko Solbi aliiwasha kompyuta. Hori lilikuwa limefunikwa hadi ukingoni, na theluji iliyolizunguka haikuwa na alama hata moja ya kwato. Alingoja dakika tano, kumi. Upepo tu. Alijiambia kuwa labda wanyama wamejificha mahali, na hakuna atakayejua. Kisha akaukumbuka ule mguu unaochechemea, ambao hakuuandika.

Alikwenda chumba cha walimu. Mlangoni alitaka kurudi, lakini Mwalimu Pyo alikuwa ameshamwona.

"Mwalimu, nimedanganya," alisema, na machozi yakamtoka kabla hajamaliza. "Jumanne sikutazama. Na jana sikutazama. Nilikwenda kucheza."

Mwalimu Pyo hakumkaripia. Alipiga simu, akampa. "Mwambie mwenyewe."

Solbi alimweleza Bwana Tak yote. Bwana Tak akauliza kwa utulivu, "Mara ya mwisho uliwaona kwa macho yako lini?"

"Jumatatu, saa kumi alasiri. Walishuka kushoto, kwenye kijito. Mtoto alikuwa anachechemea mguu wa nyuma."

"Una hakika na mguu huo?"

"Nina hakika, Bwana Tak. Huo niliuona."

"Basi hawawezi kupanda. Tunageuka, tunakwenda bonde la kushoto."

Siku hiyo hakuna aliyejifunza hesabu sawasawa. Mwalimu aliiacha kamera wazi mbele ya darasa. Saa tisa, watu watano wenye makoti ya rangi ya chungwa walitokea pembeni mwa picha, wakizama hadi kifuani. Wa mbele alibeba kitu kilichofungwa blanketi. Kichwa kidogo chenye pembe changa kilitikisika.

"Yu hai!" Maru alipiga meza. "Anapumua, tazameni!"

Nyuma yao, kwenye njia waliyoichimba, mbuzi mwenye sikio lililochanika alipanda taratibu, akafika horini, akaanza kula.

Siku iliyofuata Bwana Tak alifika shuleni, uso umeunguzwa na baridi. Mtoto wa mbuzi alikuwa kwa daktari wa wanyama, mguu umefungwa. Majira ya kuchipua angerudishwa mlimani. Solbi alisimama, akainama mbele yake, akaomba radhi. Alikuwa amekwisha kata mistari miwili daftarini na kuandika kando yake, "Sikutazama."

Bwana Tak alilisoma daftari, kisha akawageukia wanafunzi wote.

"Mkiniachia ukurasa mtupu, nitajua sijui, na nitakwenda kuangalia mwenyewe," alisema. "Lakini mkiniandikia uongo, hata kwa mwandiko mzuri, nitauamini na kupita njia nyingine. Tuliwakuta kijitoni, wamezama kwenye theluji hadi shingoni. Wangelala humo usiku mmoja zaidi, tungewakosa wote wawili." Akamtazama Solbi. "Umekosea siku mbili, binti. Jana ukasema kweli, ingawa ilikuuma, na ndiyo ikatuonyesha njia. Usingoje tena theluji ianguke ndipo useme kweli."