Pazia Katika Chumba cha Méthode

Umewahi kuhamia chumba ambacho kitanda kikishaingia, mlango haufunguki wote? Basi sogea nikuhadithie habari za Méthode na Atupele, wa Albert Park, hapa Durban.

Walikutana Jumamosi asubuhi mjini, penye robot, taa za barabarani, watu wamesongamana wakingoja kuvuka. Méthode, fundi viatu, Mrundi mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, alikuwa amebeba mgongoni kioo kikubwa cha mtumba. Nyuma yake akasimama Atupele, mshonaji kutoka Tukuyu, amevaa gauni la kitenge cha manjano. Akajiona kiooni. Akaanza kufunga upya kilemba chake. Méthode aliona watu wanacheka, akageuza shingo.

“Dada, umemaliza? Robot imebadilika mara mbili.”

“Subiri kidogo, kaka. Upande mmoja bado.”

Akasubiri. Walipovuka, Atupele akauliza, “Kioo kikubwa hivi unakipeleka wapi?”

“Kwa chumba yangu. Iko kidogo sana. Wanasema kioo inafanya ionekane kubwa.”

“Nani kasema?”

“Simu.”

Atupele akacheka mpaka akashika ubavu. Kabla hawajaagana, namba yake ilikuwa kwenye simu hiyohiyo.

Kuanzia hapo, kila jioni walitumiana picha za vyumba vidogo vilivyopambwa.

“Umeona hiyo yenye rafu juu ya mlango?” Atupele aliuliza.

“Nimeona, chérie. Lakini ile nyumba haina hata sufuria. Hao watu wanakula wapi?”

Mwishowe picha wakaziacha, wakaanza kukumbuka. Atupele alikumbuka sebule ya mama yake, vitambaa vyeupe vya kufuma juu ya kila kiti, hata redio ilikuwa na chake, na siku ya kuvifua hakuna aliyeruhusiwa kukaa. Méthode alikumbuka vikapu vya mama yake kule Gitega, vimepangwa ukutani kuanzia kikubwa mpaka kile cha kutosha ngumi. Basi Atupele akawa anakwenda chumbani kwa Méthode, yeye akafuma, Méthode akapigilia misumari. Kitanda wakakiinua kwa matofali, masanduku yakaingia chini. Kikapu kimoja kikawa cha vitunguu. Dirishani wakaweka mche wa mchaichai kwenye kopo la rangi, na chumba kikanukia chai.

Lakini kila jioni Atupele alirudi kwake. Kwake palikuwa nusu ya sebule, nyuma ya pazia, familia mbili upande wa pili. Miaka sita alikuwa akiishi hivyo. Alingoja Méthode atamke neno moja tu, “hamia”, na Méthode alizungumzia rangi ya ukuta.

Jumapili moja baada ya kanisa alifika na kitambaa cha mwisho, cha meza. Méthode akafungua mlango, anatabasamu. Atupele akaona pazia la kahawia limefungwa ukuta hadi ukuta, limekata chumba kati.

Pale Albert Park pazia katikati ya chumba lina maana moja: nusu imepangishwa.

“Mpangaji wako anaingia lini?” akauliza kwa sauti ndogo.

“Mpangaji gani? Atu, ngoja...”

Hakungoja. Alishuka ngazi za ghorofa zote tisa, kitambaa mkononi.

Siku kumi na moja alijibu simu kwa maneno matatu: “Nina wateja, Méthode.” Ya kumi na mbili Méthode akaenda mwenyewe kazini kwa Atupele, akasimama mbele ya cherehani.

“Nani analala nyuma ya lile pazia?” Atupele akauliza, hainui macho.

“Mimi.”

“Na upande wa pili?”

“Hakuna mtu.” Akavua kofia. “Miaka tisa nimelala nyuma ya pazia, na watu sita. Nilipopata chumba nzima, usingizi ikakataa. Ukuta iko mbali. Hakuna mtu anakohoa. Nikafunga pazia, nikalala.”

Atupele alitaka kucheka, akashindwa. Alijua harufu ya pazia karibu na uso. Kule kwake alimjua mzee mmoja wa upande wa pili kwa kikohozi chake tu, na mzee huyo alipolazwa hospitali wiki moja, Atupele naye hakupata usingizi.

“Mbona hukuniambia?”

“Mwanaume mzima niseme naogopa chumba? Eish, Atu.”

“Umenifanya nikose kula siku kumi na mbili kwa ajili ya aibu.”

“Nisamehe, mama.”

Atupele akatoa mguu kwenye pedali. Mteja mmoja alikuwa amesimama na suruali mkononi, Atupele akamwomba kwa adabu arudi baadaye.

“Na mimi kuna jambo sijasema.”

“Sema.”

“Nimekipamba chumba chako kama mgeni, Méthode. Kila msumari nilikuonyesha pa kuupiga, halafu jioni nachukua mkoba naondoka, unanisindikiza mpaka chini, unaniambia usiku mwema. Sitaki tena kusindikizwa. Nataka unioe. Nataka kukaa mle na wewe.”