Waifai ya Bibi Mitra

Waifai ile haikuomba neno la siri. Hapo ndipo Zdravka alipaswa kushtuka, maana tangu mchana jiji zima la Plovdiv, huko Bulgaria, lilikuwa linamwomba.

Alikuwa ametoka kijijini kufuata pasipoti, bando likamwishia ndani ya basi. Mgahawa wa kwanza ulitaka anunue kahawa kwanza. Akanunua, akaingia mtandaoni, mtandao ukamtoa. Wa pili ulisema utamtumia namba kwenye simu, na namba hiyo mpaka leo haijafika. Kwenye duka moja kubwa, mlinzi alimjibu kwa fahari, "Waifai ipo mama, ila haifanyi kazi."

"Basi haipo!" Zdravka akamfokea, watu wakageuka.

Machozi ya hasira yalikuwa karibu. Binti yake wa pekee, Nevena, alikuwa amelala hospitali huko Valencia, Uhispania, akisubiri kuingizwa chumba cha upasuaji ajifungue mtoto wake wa kwanza. Mume wa Nevena alikuwa safarini na lori. "Nitakupigia kabla hawajanichukua, mama," Nevena alikuwa amesema asubuhi. "Nataka nikuone uso tu, nisiogope." Na sasa uso wenyewe ulikuwa unazunguka Plovdiv ukitukana simu.

Akaingia mitaa ya nyuma, mkono juu, akiwinda mtandao. Kwenye geti moja palikuwa pamebandikwa tangazo la msiba lenye picha ya bibi kizee wa kitambaa cheusi. Mbele yake alisimama mwanamke mnene aliyeshika chupa ya mvinyo na sinia la mkate na ngano ya kuchemsha yenye sukari. Ilikuwa arobaini ya marehemu. Zdravka hakuwa ametia kitu tumboni. Akachota ngano, macho yake hayakutoka kwenye simu.

"Asante," alisema.

"Umesemaje, dada?" Yule mwanamke alirudi nyuma.

Sadaka ya marehemu haishukuriwi. Unapokea, unasema Mungu amsamehe, unakula. Zdravka mwenyewe aliwahi kumzaba Nevena kofi utotoni kwa kosa hilo hilo, na kofi lile halikumfunza mtoto kitu. Lakini wakati huo simu ilitetemeka mkononi. Mtandao umejaa, hauna kufuli, jina lake MITRA. Akampita yule mwanamke kama hakumwona, akaenda kukaa kwenye ngazi za ile nyumba, ambako mtandao ulikuwa na nguvu zaidi.

Uso wa Nevena ukajaa kwenye kioo, Zdravka akacheka kwa sauti.

"Mama! Nilijua sitakupata!"

"Acha ujinga. Umekula?"

"Wamenikataza, si unajua ni upasuaji." Nevena akatega sikio. "Nani anakohoa hapo?"

Zdravka alikuwa amekisikia kikohozi, kikavu, kikitokea ndani ya simu. Harufu ya ubani na nta ya mishumaa ikamjia puani, ingawa mlango nyuma yake ulikuwa umefungwa na madirisha yote yalikuwa giza.

"Hakuna mtu, mwanangu."

"Yupo. Yuko begani kwako. Anatafuna kitu."

Zdravka akageuka, hakuona mtu. Aliporudisha macho kwenye simu, Nevena hakuwa akimtazama tena, bali alitazama miguuni pa kitanda chake mwenyewe, midomo ikimcheza, na pale miguuni, ndani ya chumba cheupe cha Valencia, alikuwa amekaa bibi kizee wa kitambaa cheusi, mkono mmoja juu ya tumbo la Nevena, taya zikitafuna polepole ngano isiyoisha, huku harufu ya ubani ikizidi hadi Zdravka akashindwa kuvuta pumzi ya kuita jina la mwanawe.

Picha ikakatika.

"Uliongea na nani?" Yule mwanamke wa sinia alinong'ona kutoka getini. Jina lake Dobra, jirani wa marehemu.

"Binti yangu! Kwa waifai ya hapa!"

"Hapa hakuna hata umeme, dada. Ulikatwa bibi alipofariki." Dobra alijifanyia ishara ya msalaba. "Bibi Mitra hakuwa na mtoto wala mjukuu. Aliiacha waifai wazi ili wapita njia wakae hapo ngazini, wamsemeshe. Walikaa, wakatazama simu zao. Hakuna hata mmoja aliyemshukuru. Wewe ndiye wa kwanza, ndiyo maana kakufuata."

"Nifanye nini? Niambie!"

"Sema maneno ya sadaka! Sema, mwanamke!"

Dobra akamwaga mvinyo ardhini. Zdravka akapiga magoti, akapayuka, "Mungu amsamehe Bibi Mitra! Mungu amsamehe!" mpaka sauti ikamkauka. Harufu ikapotea. Kwenye simu, jina MITRA likafutika.

"Kaondoka," Dobra alisema, akamshika mkono.

Jikoni kwake alimpa neno la siri la waifai yake mwenyewe, bila kuombwa. Zdravka alipiga na kupiga, hakuna aliyepokea. Jioni ikaingia. Ndipo ujumbe wa sauti ukafika, Nevena akiongea kwa uchovu na furaha.

"Mama, ni msichana! Mzima kabisa. Usihangaike na mtandao, waifai ya hospitali mbovu lakini nimepata nyingine, imefunguka yenyewe, haina paswedi. Na yule bibi aliyekuwa nyuma yako, kumbe mwema jamani. Mimi nilimwogopa bure. Amempakata mtoto tangu azaliwe, hataki kumwachia hata nesi. Mimi kanilisha ngano tamu kwa mkono wake. Nimemwambia asante."

Mwishoni mwa ujumbe mtu alikohoa.

Zdravka akabonyeza kupiga. Waifai ya Dobra ikakatika.