Kengele Zilizojazwa Nyasi

Ukumbi wa maonyesho pale Karatu ulikuwa mtupu. Kengele zote za ng'ombe zilizoning'inia darini zilikuwa zimekwenda, zimebaki kamba zilizokatwa kwa kisu. Na mlinzi akaapa hakusikia hata mlio mmoja! Kengele gani hizo zinaibwa kimyakimya?

"Kazi yenyewe inaitwaje?" Inspekta Zulfa aliuliza.

"Waliohama," alijibu Lekoko, msanii mwenyewe, macho mekundu. "Ni kengele za kaya zinazotakiwa kuondoka Ngorongoro. Ndiyo malalamiko yetu, afande. Kesho wanakuja wageni kutoka Dar."

"Unamshuku nani?"

"Haruna, mnunuzi wa vyuma chakavu."

Haruna alihojiwa, akapekuliwa, akaonekana hana kosa. Zulfa akarudi ukumbini, akapiga magoti chini ya dirisha, akaokota nyasi mbichi zilizoshindiliwa. Mjini kote kulikuwa kukavu.

Lekoko alipoziona alinywea.

"Kengele hujazwa nyasi mtu akitaka mifugo ipite bila kusikika," alisema. "Wa mjini hawezi kuwaza hilo."

"Nani alikusaidia kuzikusanya?"

"Mama yangu."

Walipanda juu Ngorongoro kwa gari la polisi, ukungu umefunika kila kitu. Dereva alipozima injini, Zulfa alisisimka mwili mzima. Kengele! Nzito, nyepesi, za mbali, za karibu, mlima mzima unalia na ng'ombe hata mmoja haonekani. Subhanallah, alijisemea, akasahau kabisa pingu alizoshika.

Kakenya, mama yake Lekoko, akatokea na fimbo yake.

"Ni mimi," alisema kabla hajaulizwa. "Nilipita dirishani, majirani wakapokea nje. Tukapanda gari la mahindi."

"Kwa nini, yeyo?" Lekoko alilia. "Umeniharibia kazi!"

"Juzi nilisimama ukumbini kwako. Watu wakafuta machozi, wakasema, maskini, wameshaondoka. Wanamlilia nani? Mimi nipo. Majirani wapo. Kwetu ng'ombe anavuliwa kengele akifa. Nilikupa nikidhani utapiga kelele, ukazitundika kimya. Umetuzika, mwanangu, na bado tunakamua."

Lekoko aligeukia kule kengele zilikolia. Alizisikiliza, machozi yakimtoka.

"Tumfikishe kituoni?" Zulfa aliuliza taratibu.

"Nafuta mashtaka, afande. Na lile jina nalifuta. Kesho wageni nawaleta hapa hapa."

Zulfa akarudisha pingu kiunoni. Dereva alimwita mara mbili, lakini alitaka kusikiliza kidogo tena.