Tundu la Chumba cha Uani

Pazia la chumba cha uani lilikuwa likivutwa ukutani kila adhuhuri, hata siku ambazo jani halitikisiki Bungu nzima. Hafsa alilitazama wiki mbili, akaamua kuwa ni upepo, maana mtu aliyechoka huamua chochote. Chini ya dirisha, ukuta wa udongo ulikuwa na tundu la kupitisha paka. Adhuhuri pazia lilinyonywa kuelekea kwenye tundu. Ikifika magharibi lilifutuka kuja chumbani, na pamoja nalo iliingia harufu ya nywele zilizoungua.

Mwenye nyumba, Mzee Mshamu, aliambiwa habari za tundu mara nne. Mara ya kwanza fundi alikuwa msibani. Mara ya pili udongo haukuwa mzuri. Mara ya tatu alisema tu anakuja, na hakuja. Alikuwa mzee wa kanzu safi na kauli laini, lakini ukimtajia ukarabati anakuwa mzito kuliko gunia la chumvi. Isitoshe, hakupata hata siku moja kuvuka kizingiti cha chumba kile. Alisimama ukumbini, akaongea huku akitazama viatu vyake.

"Nyoka ataingia, mzee," Hafsa alimwambia mara ya nne. "Mwanangu analala humo."

"Nyoka haingii hapo."

"Kwa nini asiingie?"

"Liache, mwanangu. Usiliguse. Nitaleta mtu."

Hafsa alikuwa mtu wa Mahege. Kwao mwanamke hangoji mtu aje kumzibia ukuta. Masika yakikaribia unachimba udongo, unaukanyaga, unakandika, na jioni unapika kama kawaida. Haya ya kumngoja mwenye nyumba yalikuwa mambo ya watu wa barabarani, na yalimtia hasira. Mumewe, Ashrafu, alikuwa shambani huko Mloka, juu ya dungu, akilinda mahindi yasiliwe na tembo. Nani wa kumzuia? Alhamisi, alipomaliza kuswali alasiri, alijifunga khanga kiunoni akaliziba tundu, akalisawazisha kwa kiganja mpaka ukuta ukapendeza. Alijisifu peke yake, akacheka.

Magharibi pazia halikutikisika.

Zaidi, mwanawe wa miaka mitatu, alikuwa amepitiwa na usingizi mkekani, mdomo wazi. Hafsa alikuwa akikunja nguo aliposikia kitu kinapapasa ukuta kwa nje. Kilipapasa taratibu, kama mtu anayetafuta komeo gizani, kikapita juu ya udongo mbichi, kikarudi, kikapita tena, na kila kiliporudi kilikuwa na haraka zaidi, mpaka ukuta mzima ukawa unakwaruzwa kutoka chini hadi kwenye makuti, na ile harufu ya nywele ikashuka kutoka darini, ikajaa chumbani hata Hafsa akaziba pua kwa khanga na kuanza kusoma aya alizozikumbuka, akizichanganya, akianza upya, asiweze kusogeza mguu kumfuata mtoto aliyekuwa hatua mbili tu mbele yake.

Kisha harufu ikakatika ghafla, na Zaidi akafunga mdomo.

Tangu siku ile mtoto hakula. Kila adhuhuri alikwenda kusimama mbele ya ukuta mpya, akatoa pumzi ndefu isiyokwisha, kisha akaanguka, baridi, akihema kwa mbali hadi magharibi. Zahanati walimpima, hawakuona ugonjwa. Siku ya nne, kioo alichowekewa puani kilikaribia kubaki kikavu. Ashrafu alipigiwa simu, akasema yuko njiani anatafuta gari. Hafsa alijua kuwa mwanawe hataifikisha Alhamisi ya pili.

Jirani ndiye aliyemletea Binti Seleman, bibi mfupi anayepunga majini. Alifika na chetezo chake kabla ya adhuhuri, akautazama ukuta.

"Uliziba saa ngapi?"

"Alasiri, bibi."

Binti Seleman alikitua chetezo chini. "Basi jini lilikuwa nje," alinong'ona. "Linatoka mchana, linarudi magharibi. Limerudi halikuona mlango, likaingia palipo wazi. Niitieni Mshamu."

Mzee Mshamu aliletwa, akasimama palepale ukumbini.

"Ulikuwa unajua?" Hafsa alimuuliza.

"Nyumba nimeirithi nalo. Baba aliliachia tundu, na mie nikaliachia. Ningesema, nani angepanga?"

Hafsa alimchukia papo hapo, chuki isiyo na haya. Kuambiwa neno moja tu kungetosha. Angelala hata stendi na mwanawe.

Binti Seleman alibomoa udongo kwa jembe mpaka mwanga wa uani ukaingia. Alifukiza ubani, akamkalisha Zaidi mbele ya tundu. "Njia yako hiyo," alisema. "Rudi kwako."

Mdomo wa mtoto ulifunguka, ikatoka sauti ya mtu mzima, pole, isiyo na papara. "Kwangu ni wapi? Leo mnafungua, kesho mnaziba. Nataka kauli ya mwenye nyumba. Ni nani?"

"Jibu, Mshamu," Binti Seleman alinong'ona. "Sema ni wewe, na unalipokea."

Mzee Mshamu alitikisa kichwa. Alianza kurudi nyuma, mkono ukiambaa ukutani. "Mie sina nyumba hapa. Nyumba nimempa huyu mama, yeye na kizazi chake. Nyinyi mashahidi." Kisha akatoka, akaviacha viatu mlangoni.

Adhuhuri iliingia. Pumzi ya Zaidi ilianza kutoka, ndefu, ikatoka na kutoka, midomo ikageuka rangi, vidole vikapoa kimoja kimoja ndani ya kiganja cha mama yake, na Binti Seleman akasoma dua huku ubani ukizimika wenyewe, na Hafsa akamwangalia mwanawe akisinyaa mbele ya macho yake na akajua kuwa hakuna mwingine atakayejibu, si mzee, si mganga, si Ashrafu aliye njiani.

"Mimi," alisema. "Mwenye nyumba ni mimi. Nakupokea."

"Usi..." Binti Seleman alimshika mkono, lakini neno lilikwisha kutoka.

Kitu kilimpita Hafsa begani, kizito, kikaingia kwenye tundu. Zaidi alikohoa, akalia, akasema ana njaa. Hafsa alimkumbatia akamlowesha kwa machozi, akahisi furaha ambayo hakupata kuijua tangu amzae.

Binti Seleman hakufurahi. Alikusanya vitu vyake bila kumtazama. "Usije ukahama," alisema. "Ukihama litakufuata. Umelipokea kwa jina lako."

Hafsa alimpeleka mtoto chumba cha mbele, akamlisha uji hadi akasinzia mapajani mwake. Vyumba vilikuwa viwili tu. Alijiambia kuwa atakifunga kile cha uani, na wao watatu watabanana huku mbele.

Magharibi, kutoka chumba cha uani, sauti pole iliita kwa adabu zote.

"Mama mwenye nyumba. Chumba kimoja hakinitoshi."