Kidani cha Mwati

Kwa heshima na taadhima, mbele ya wakulima na wafanyakazi wa milima ya Usambara, na mbele ya ng'ombe wote wa shule, inatangazwa rasmi habari ya Silvano, kijana mtanashati wa kidato cha nne, mwenye mabega mapana, Kiingereza kinachometameta, na moyo usiojua woga.

Jioni inapoanzia habari hii, moyo usiojua woga ulikuwa umejificha nyuma ya zizi, ukimwomba Mungu alete mtu wa kuponzwa.

Sababu ilikuwa shingoni, chini ya sweta. Kilikuwa kipande cha ubao wa mti wa mwati, kimetobolewa tundu na kutiwa kamba ya mkonge. Wanafunzi walikiita kidani. Ilikuwa mwaka uliofuata Azimio la Arusha, na kila asubuhi mkuu wa shule aliwahutubia kwa Kiswahili kitamu juu ya heshima ya lugha ya taifa. Kengele ikishagonga, lugha ya taifa ilipigwa marufuku mpaka usiku. Mtihani wa mwisho ulikuwa unakaribia, na Mwalimu Nathanaeli wa Kiingereza alitaka watoto wake waote kwa Kiingereza. Aliyesikika akisema Kiswahili au Kishambaa alivishwa kidani, naye akivue kwa kumkamata mwingine. Lakini awe amekaa safi mwenyewe: mwenye kidani akiteleza naye, hana haki ya kumkamata mtu. Na kengele ya jioni ikimkuta nacho, wenzake waliingia darasani kudurusu maswali ya miaka iliyopita, yeye alichukua mundu akawakatie ng'ombe majani.

Silvano alikivaa tangu asubuhi, baada ya uji kumuunguza ulimi akaulaani kwa Kishambaa.

Ndipo akatokea Dorkasi, jembe begani, anatoka shambani.

Hapa msimuliaji anaomba kimya kidogo. Dorkasi alikuwa binti wa Magoma, kule bondeni, na kwa hesabu hakuna aliyemfikia. Alitaka kuwa daktari. Ila Kiingereza kilimganda mdomoni kama ugali wa jana. Mwalimu alishamwambia wazi kwamba akifeli somo hilo, hesabu zake zote zitamsindikiza Magoma. Silvano alikuwa akimfundisha Jumamosi, na tangu kidato cha pili alikuwa akimpenda. Hilo la pili hakuwa amemwambia.

— Twende pamoja, Silvano akasema, kwa Kiingereza.

— Ndiyo. Asante, Dorkasi akajibu, kwa Kiingereza chake cha tahadhari. (Kiingereza chote humu kimetafsiriwa, msije mkafeli na nyinyi.)

Mbele yao, kutoka kwenye ukungu, akapanda bibi mmoja na kikapu cha matunda kichwani, anarudi kutoka sokoni Lushoto. Silvano alimwona mapema. Akapunguza mwendo. Akafumba mdomo.

Maana kila aliyezaliwa milimani anajua kwamba mkubwa hapiti hivihivi. Na kila mwanafunzi anajua kwamba shikamoo haina Kiingereza chake.

Dorkasi akashusha jembe, akainama.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, mwanangu. Hamjambo?

— Hatujambo, bibi. Pole na mlima.

Bibi akamtazama Silvano, akangoja. Silvano akatazama miwati. Bibi akatikisa kichwa polepole, akampa Dorkasi plamu mbili, akaenda zake.

Alipopotea tu, Silvano akavua kidani, akamvisha Dorkasi kama anamvika taji.

— Umekamatwa, akasema kwa Kiingereza safi.

Alidhani atacheka. Walikuwa wamechekeana mara nyingi. Lakini Dorkasi alikitazama kile kibao, akamtazama yeye, na kengele ya jioni ikagonga.

— Ulimwona, Dorkasi akasema, kwa Kiingereza cha kukwamakwama.

— Ni mchezo tu.

— Ulimwona, ukamwacha apite kama mbuzi. Ili mimi ninase.

Akachukua mundu, akaelekea kwenye majani. Plamu zote mbili akaziacha juu ya ukuta wa zizi.

*

Kesho yake shujaa alimfuata kisimani. Alikuwa amepanga vizuri.

— Dorkasi, shikamoo, habari za asubuhi, jua limetoka, akasema kwa Kiswahili kinachosikika mpaka jikoni. — Umenisikia? Nimesema Kiswahili. Nikamate. Lete kidani.

Dorkasi akajaza ndoo.

— Sijasikia kitu, akajibu kwa Kiingereza.

— Nimesema Kiswahili mbele yako. Nikiongeza Kishambaa je?

Akaongeza Kishambaa. Akaongeza na Kibondei, ambacho hakijui vizuri.

— Una kelele, akasema Dorkasi, akaondoka na ndoo yake.

Mchana akaja Marta, rafiki wa Dorkasi, amesimama wima kama balozi.

— Dorkasi anasema hivi, Marta akaanza, kwa Kiingereza. — Anasema hatamtegea mtu. Anasema ameona utamu wa kutegwa.

— Mwambie anitegee mimi. Mimi nimejitega mwenyewe.

— Nilimwambia. Anasema akikupa kidani utakata majani siku moja, utajiona umelipa, utapiga mluzi. Hataki upige mluzi.

— Sasa kidani atampa nani?

— Wewe. Siku atakapokuwa amekusamehe. Anasema usisimame mlangoni kusubiri.

— Marta, mtihani umefika. Akiendelea kukata majani atakosa maswali yote ya Mwalimu. Atafeli.

— Hilo nilimwambia pia.

— Akasemaje?

Marta akavunja ubalozi wake, akashusha sauti.

— Alilia. Halafu akanoa mundu.

Usingizi wa shujaa ulikwisha hapo. Akilini alimwona Dorkasi yuko Magoma, amekaa kwenye jamvi anachambua mahindi, yule ambaye angeweza kupasua watu matumbo na kuwashona tena, na yote kwa sababu ya mzaha wa kijana mmoja mtanashati.

Jioni, kengele ilipogonga, darasa likaingia kudurusu. Silvano akachukua mundu wa pili, akashuka kwenye majani.

— Umefuata nini? Dorkasi akauliza kwa Kiingereza, bila kuinua kichwa.

— Kukata majani, akajibu kwa Kiswahili.

— Huna kidani.

— Nina hatia. Haina kamba, lakini ni nzito.

— Maneno mazuri. Yapeleke darasani.

— Mbona wewe unanisemesha Kiingereza tu, hata huku ambako ni mimi na ng'ombe?

Dorkasi akasimama, mkono kiunoni.

— Kwa sababu nikisema Kiswahili nitapoteza haki ya kukukamata. Na mimi haki yangu nataka ibaki nzima mpaka siku nitakayoitaka mwenyewe.

Silvano akaacha kukata. Binti ambaye wiki iliyopita hakuweza kuomba chumvi kwa Kiingereza bila kutetemeka, alikuwa amesema yote yale kwa pumzi moja. Hasira ilikuwa imeyeyusha ule ugali wa jana.

Na hapo kijana akapata akili, ambayo kwake ilikuwa nadra.

— Huwezi kunieleza vizuri nilichokukosea, akasema. — Huna maneno.

— Sina maneno?

— Huna. Labda nikuchukulie kamusi.

Loo. Dorkasi akamweleza. Alieleza njia, ukungu, kikapu, uso wa bibi, alivyongoja salamu isiyokuja. Alipokwama neno, Silvano alilitupa katikati ya majani kama anayejisemea, naye akaliokota akampigia nalo. Ng'ombe walikula kwa kuchelewa siku ile.

Kesho yake ikawa hivyohivyo. Silvano alichukua kwa Marta swali walilofanya darasani, akalishusha kwenye majani limevaa nguo za ugomvi.

— Darasani wameulizwa waeleze safari. Wewe hujawahi kusafiri.

— Nimesafiri kutoka Magoma mpaka huku, nikakutana na mwongo. Kaa chini nikueleze.

— Leo wameandika barua ya malalamiko kwa mkuu wa ofisi.

— Malalamiko ninayo. Mkuu wa ofisi, kaa sawa.

Mwalimu Nathanaeli alipita siku moja na fimbo yake, akasimama nyuma ya miwati, akasikiliza. Alipoona Silvano anaomba msamaha kwa Kiswahili cha kunyenyekea, alifungua kinywa. Alipomsikia Dorkasi anavyoukataa, kwa sentensi ndefu isiyovunjika, akakifunga, akarudi zake kwa ncha za vidole.

Lakini moyo wa Dorkasi haukulegea. Jumamosi, wakifunga mizigo ya majani, Silvano akauliza kwa unyonge wa kweli:

— Nifanye nini, Dorkasi? Nimeshaomba kwa lugha tatu.

Dorkasi akafunga kamba yake kwanza.

— Umeniomba mimi. Mimi uliniumiza kidogo. Yule bibi hukumwomba.

*

Jumapili ni siku ya soko. Baada ya ibada, Silvano alishuka Lushoto na nguo zake za kanisani. Alimkuta bibi kati ya mapeasi na karoti, na wenzake wakimwita Bi Mwanahawa.

Akapiga goti palepale kwenye matope.

— Shikamoo, bibi.

Bi Mwanahawa akamkazia macho. Akaweka peasi chini.

— Marahaba, mwanangu. Hebu sema tena.

— Shikamoo, bibi.

— Subhanallah. Tatu, njoo. Rehema, acha karoti, njoo umwone. Ndiye yule bubu niliyewaambia, kaka wa yule binti mwenye adabu. Amefunguka ulimi.

— Bibi, mimi si...

— Nyamaza kwanza, usiuchoshe. Tangu siku ile nakuombea kila alfajiri. Kijana mwenyewe mrefu, nikasema, ee Mola, huyu ataoaje bila kusema?

Akina mama wakaja na vikapu vyao. Mmoja akataka aseme jina lake, mwingine akataka ahesabu mpaka kumi. Silvano akahesabu. Wakashukuru Mungu. Shujaa alitamani matope yamfunike.

Mwishowe akaeleza. Alieleza yote, kidani, ukungu, mdomo aliofumba kwa makusudi. Bi Mwanahawa alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake haukucheka tena.

— Kwa hiyo ulikuwa na ulimi.

— Nilikuwa nao, bibi. Nisamehe.

— Bora ungekuwa bubu, akasema. Halafu akapumua. — Nimekusamehe. Dua yangu haikuharibika. Ilikuwa inatafuta ugonjwa mwingine. Na yule binti si dada yako?

— Hapana, bibi.

— Nilijua. Dada hatazamwi vile. Mpelekee mapeasi haya. Na hayo mengine uliyoyafumbia mdomo, uyaseme.

*

Dorkasi alikuwa ameshasikia. Soko la Lushoto halihitaji redio. Silvano alipomfikishia mapeasi, alimkuta ameuma midomo, mabega yanatikisika.

— Ulihesabu mpaka kumi? akauliza, kwa Kiingereza.

— Walitaka ishirini.

Akageuka upande haraka. Lakini kidani kilibaki shingoni mwake, na asubuhi ya mtihani alikivua mlangoni, akakitia mfukoni, akaingia.

Silvano alikaa nyuma yake. Shujaa alisahau karatasi yake akitazama kisogo cha mwenzake. Kwa robo saa kisogo kile hakikusogea. Amekwama, akawaza. Amekwama, na ni mimi. Halafu kiwiko cha Dorkasi kikaanza kwenda, kikaenda, na hakikusimama mpaka msimamizi alipodai karatasi.

Walikutana nje, chini ya upenu, ukungu ukiingia.

— Insha umechagua ipi? Silvano akauliza.

— Ile ya mtu aliyewahi kukuudhi.

— Uliandika nini?

— Ulichonifundisha. Safari, malalamiko, matusi ya adabu. Nilijaza karatasi zote nikaomba nyingine. Akapangusa wino kidoleni. — Kisha mwishoni nikaandika kwamba mtu huyo alipiga goti kwenye matope, nikakosa la kumlaumu, na muda ukawa umekwisha.

Akatia mkono mfukoni, akatoa kidani.

— Umesema Kiswahili, akasema kwa Kiingereza. — Nimekusikia. Nilikusikia tangu siku ile ya kisimani.

Akamvisha. Akaiweka sawa kamba yake, isimkwaruze. Silvano akakishika kile kibao kwa mikono miwili.

— Dorkasi, akasema, — nimekupenda tangu kidato cha pili. Nilifumba mdomo. Huo ndio ububu niliokuwa nao.

Mtihani ulikuwa umekwisha. Hapakuwa tena na marufuku wala haki ya kulinda. Dorkasi akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu jioni ile ya plamu, Kiingereza kikakaa kando, Kishambaa kikatoka, cha nyumbani, cha kando ya moto.

— Mgosi, akamwita, kama mama zetu wanavyowaita wanaume wa nyumbani mwao.

Na mengine aliyoyasema hayatatafsiriwa.

Matokeo yalipokuja, Dorkasi alimpita Silvano kwa Kiingereza. Wote wawili wameitwa kidato cha tano. Mshenga ameshakwenda Magoma, akarudi na jogoo na jibu jema: wamalize shule, kisha waje. Na hivyo ndivyo kijana yule mtanashati, mwenye mabega mapana...

— Mtanashati nani?

Samahani, wasomaji. Kuna mtu amesimama nyuma ya kiti.

— Na mabega mapana ni ya nani? Lile sweta lilikuwa la kaka yako, lilikuwa linakumeza. Waambie.

Basi. Nimekamatwa. Silvano ni mimi. Mabega yangu ni ya kawaida, na mtanashati niliandika mwenyewe. Kidani ninacho shingoni hapa ninapoandika, na mwenye haki yake amekataa nimvishe mtu mwingine. Na Jumapili nikipita sokoni Lushoto, bado akina mama wananisimamisha niseme shikamoo, wasikie kama ulimi ungali mzima.

Nasema. Kwa sauti, na nikiwa nimeinama.